Maji ya Kisima Hayaponyi Rejeta

Kati ya Mtito Andei na Emali, barabara ya Mombasa–Nairobi hupanda kutoka takriban mita 750 hadi zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na gari kuukuu lililochemsha kando ya njia, boneti juu, si jambo geni. Lawama huangukia jua la Makueni. Lakini injini ambayo mfumo wake wa kupoza ni mzima hulimudu jua hilo. Kinachoiua ni tundu dogo, pamoja na desturi ya kulijibu kwa mtungi wa maji.

Tundu huiba shinikizo kabla ya kumaliza maji. Katika mji wa Kitui, ulio juu ya mita 1,100, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko cha rejeta chenye maandishi 1.1, yaani baa 1.1, huyazuia yasichemke hadi yakaribie nyuzi 120. Injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 95, hivyo mpira wa rejeta ukipasuka hata ufa mwembamba, nafasi ya usalama inabaki nyuzi chache tu, hata kama rejeta imejaa pomoni. Unaweza kuongeza maji kila kituo na bado ukachemsha mlimani.

Na maji gani hayo? Visima vingi vya Kitui Kusini, pande za Mutomo na Ikutha, vina chumvi. Maji magumu yakipashwa moto huacha ukoko mweupe kama wa birika. Ukoko huo huziba vijia vya rejeta, na chumvi hula alumini. Wapo watakaosema malori ya zamani yalinyweshwa maji ya mtoni miaka nenda miaka rudi. Ni kweli, ila mengi yalikuwa na injini nzito za chuma na rejeta za shaba ambazo fundi aliweza kuzichomelea kwa risasi. Probox ina injini ya alumini, na rejeta zake za kawaida ni za alumini zilizobanwa kwenye plastiki. Wengine husema kulanti, yaani kipozeo maalumu cha injini, ni ya nchi za theluji. Hapana: ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na kutu haingoji theluji. Bei yake si ndogo, nakubali, lakini hedi ya injini iliyopinda kwa joto ni ghali mno. Dharura ikikukuta, maji ya mvua kutoka kwenye tangi ni afadhali kuliko ya kisima.

Dawa za kuziba tundu, yai na bizari zikiwemo, huziba hata pasipotakiwa. Uchunguzi ni rahisi: injini ikiwa imepoa kabisa, fundi hufunga pampu ya kupimia mahali pa kifuniko, husukuma hewa mpaka kiwango kilichoandikwa, kisha hutazama mshale. Ukishuka, atafute unyevu au alama za rangi ya kulanti kwenye mipira, kwenye kitundu cha chini cha pampu ya maji, na chini ya zulia la abiria, hita inapovujia. Asipoona kitu nje, ashuku gasketi ya hedi; dalili zake ni mapovu ndani ya rejeta au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko nacho kipimwe. Ni kipuri cha bei nafuu, na ndicho kinachosahauliwa.

Ukiona unaongeza maji kila wiki, mwambie fundi apime shinikizo kabla hajakuuzia rejeta nyingine.