Damu ya Mwenye Kisukari na Ganzi ya Miguu

Mwaka 2005 madaktari waliofanya kazi Dar es Salaam, akiwamo Zulfiqarali Abbas, walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku. Mguu uliokufa ganzi haumwamshi mwenyewe. Jeraha hulitambua asubuhi, aonapo damu shukani.

Ganzi hiyo hutokana na kudhurika kwa mishipa ya fahamu. Misuli huhitaji insulini ili kupokea sukari, lakini mishipa ya fahamu haina kizuizi hicho. Sukari ikizidi katika damu, huzidi pia ndani yake, na wakati huohuo vijishipa vya damu vinavyoilisha huharibika. Mishipa mirefu ndiyo huanza kuumia, nayo ni ile iendayo vidoleni mwa miguu. Hivyo mchukuzi wa Kariakoo aweza kukanyaga msumari, naye akaendelea na mzigo wake.

Je, damu yaweza kutoa onyo mapema? Kipimo cha asubuhi kabla ya kula hueleza hali ya saa ile tu. Aliyejinyima wali na chai ya sukari kwa siku mbili aweza kumhadaa tabibu. Hemoglobini A1c haihadaiki hivyo. Sukari hunata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu na kubaki humo hadi chembe ife, baada ya siku 120 hivi. Kipimo hiki basi huonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu. Asilimia 6.5 au zaidi ni alama ya kisukari, na kiwango kikikaa juu kwa miaka, hatari kwa mishipa ya fahamu huongezeka.

Hata hivyo, katika mji wenye malaria na selimundu kipimo hicho chataka uangalifu. Chembe ifayo mapema haipati muda wa kunasa sukari ya kutosha, na majibu huwa ya chini kuliko ukweli. Tena, metformini, dawa itumiwayo na wengi, yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi ya namna ileile. Damu hupaswa kupimwa kwa hilo pia.

Ndiyo sababu tabibu hugusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipouhisi, mguu umo hatarini, hata kama karatasi ya maabara inapendeza.