Kosa la Kiwandani au Alama ya Nyundo?

Mwenzetu mmoja wa darasa la tatu alitoa faranga elfu tatu, nauli yake ya kwenda kwao likizo, akanunua faranga moja ya Rwanda na Burundi ya mwaka 1961, ile ya simba. Muuzaji alimwonyesha tarakimu za mwaka zimejirudia, akamwapia kwamba ni kosa la kiwandani. Tulipoitazama kwa kioo cha kukuzia, tarakimu zilikuwa zimebapazwa tu kwa nyundo.

Basi wasomaji, jueni hivi. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka, tena mahali pale pale katika kila sarafu ya muhuri ule. Mkwaruzo wa msumari huchimba. Pitisheni ukucha, mtahisi tofauti. Kisha tafuteni sarafu ya pili yenye dosari ile ile. Isipopatikana, shikeni fedha zenu.

Wengine hudhani senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936 ina kosa kwa kukosa kichwa cha mfalme. La! Tundu la katikati liliacha nafasi ya taji na jina tu, hata Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo, akaandikwa humo. Herufi H ni ya kiwanda cha Heaton, na KN ya Kings Norton, vyote vya Birmingham.

Nauli ya mwenzetu tulimchangia.