Droni Milimani: Mita 120 Kutoka Wapi?

Vijana wanaopiga picha za harusi na waongoza watalii wa Lushoto huniuliza kama droni ya kujifurahisha nayo inahitaji kibali. Inahitaji. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia duniani, uliitaja ndege isiyo na rubani katika Ibara ya 8: haipiti juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwetu jambo hili liko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, chini ya kanuni za mwaka 2018, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo hutoa kibali chake. Anayetaka kuagiza droni kutoka nje aanze na vibali, asisubiri mpaka mzigo ushikiliwe forodhani. Leseni ya Kenya, ambako kanuni za sasa ni za mwaka 2020, haimruhusu mgeni aliyepandia Mombasa kurusha upande huu wa mpaka.

Makaratasi yana usumbufu wake, lakini yanafuatika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kanuni ambayo kila mmoja anaijua kwa moyo na wengi wanaivunja bila kujua: droni isizidi mita 120, na mrushaji aione kwa macho yake wakati wote.

Mita 120 hupimwa kutoka ardhi iliyo chini ya droni, si kutoka miguuni pa anayeirusha. Dar es Salaam tofauti hiyo haina uzito. Irente, hapa Lushoto, ina uzito mkubwa. Ukisimama pale kwenye mwamba, tambarare ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge iko takriban mita 1,000 chini yako. Ukipandisha droni mita 40 kisha ukaipeleka mbele ikavuka ukingo, skrini itaendelea kukuonyesha 40, kwa sababu droni nyingi huhesabu kimo kuanzia pale zilipopaa. Kwa kweli iko zaidi ya mita 1,000 juu ya ardhi, na kanuni umeshaivunja mara nane na zaidi.

Kwa nini tujali? Kwa kawaida, ndege yenye rubani anayeruka kwa kutazama nje hairuhusiwi kushuka chini ya mita 150 kutoka ardhini, isipokuwa inapopaa au kutua. Droni ikibaki chini ya 120, kati yao panabaki nafasi ya mita 30. Sasa fikiria ndege ndogo iliyobeba mgonjwa ikipita juu ya Mazinde kwa mita 300, kihalali kabisa. Kwa mtu aliyeko Irente, ndege hiyo inapita chini yake. Ukiishusha droni baada ya kuvuka ukingo, inaweza kukutana nayo. Rubani hana sababu ya kutarajia droni mahali pale, na kifaa chenyewe ni kidogo mno kuonekana mapema.

Bondeni hatari hugeuka. Ukirushia mjini Lushoto kuelekea mteremko, ardhi inapanda kuifuata droni. Nyingi zina mfumo wa kurudi zenyewe mawasiliano ya rimoti yakikatika, na kimo cha kurudia nacho huhesabiwa kutoka mahali pa kupaa. Ukikiacha kwenye mita 30 huku kati yako na droni kuna kilima cha mita 80, inaweza kurudi moja kwa moja hadi kwenye miti, hasa kama haina vihisi vya kukwepa vikwazo. Kilima hichohicho ndicho hukata mawimbi ya rimoti. Ndiyo maana kanuni ya kuiona kwa macho ina mantiki kuliko wengi wanavyodhani: ukungu wa asubuhi ukishuka, teremsha droni hata kama betri imejaa.

Kibali cha TCAA peke yake hakifungui kila lango. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tambarare unayoitazama ukiwa Mtae ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Omba ruhusa huko pia. Halafu kuna watu. Ngazi za kabichi na karoti zinazopendeza sana kwenye picha ni mashamba ya kaya, nyumba zikiwa katikati yake, na picha inayomtambulisha mtu inaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pita kwanza ofisi ya kijiji, ueleze unarusha nini na kwa nini.

Ushauri wangu kwa mpiga picha wa Irente ni huu: baki upande wa juu wa mwamba, elekeza kamera bondeni, na usivuke ukingo. Mazinde yote itaonekana kutoka hapo.