Karatasi ilikuwa nyepesi? Subiri kwanza, wasema wahasibu wa Kampala

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MCHANA wa jua kali, nje ya kituo kimoja cha mitihani kando ya Barabara ya Jinja, watahiniwa wanatoka wawili wawili na swali ni lile lile la kila msimu.

"Ilikuwaje?"

"Ya kawaida tu," anajibu kijana mmoja huku akifungua chupa ya maji. Mwenzake anacheka, anasema amemaliza mapema hata akakosa la kufanya. Nyuma yao anatoka binti wa miaka ishirini na kitu, hasemi neno. Anatafuta bodaboda.

Binti huyo ndiye mwandika hesabu wa duka moja la vitenge Kikuubo, uchochoro ule wa maduka ya jumla ambako mizigo ya Juba, Goma na Bunia hufungwa tangu alfajiri. Hakutaka jina lake litajwe. Ada ya mtihani imelipwa na mwajiri wake, mama mzaliwa wa Busia anayenunua Nairobi na kuuza hadi Kongo, na mama huyo amekwisha kupiga simu mara mbili kabla bodaboda haijafika Nakivubo.

"Binti yangu, umepita?"

"Mama, matokeo ni mwezi ujao."

"Najua. Nakuuliza wewe, wewe umeionaje?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote ya siku ile, na halimo katika karatasi.

Kampala ina milango miwili mikubwa ya kuingia katika uhasibu wa kitaaluma. Mmoja ni wa Taasisi ya Wahasibu wa Umma Walioidhinishwa Uganda, ICPAU, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na ambayo sasa inafanya kazi chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013. Makao yake yako Mtaa wa Bukoto, Kololo, na mtihani wake ni CPA. Mwingine ni wa ACCA, chama cha wahasibu chenye makao London na mizizi ya tangu 1904, ambacho karatasi zake hufanywa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kigali katika misimu ile ile ya mwaka. Binti wa Kikuubo alichagua mlango wa pili. Karatasi zake ni 13, na mwenye shahada ya biashara husamehewe baadhi.

Aliyokuwa ameifanya siku hiyo ni ile ya utoaji wa taarifa za fedha. Muda ni saa 3, alama ni 100. Ukigawa, kila alama moja ina chini kidogo ya dakika 2. Kufaulu ni alama 50. Sehemu kubwa ya karatasi ni maswali ya kuchagua au kujaza jibu kwenye kompyuta, kila moja alama 2, na hapo hakuna huruma ya hatua: ukikosea tarakimu ya mwisho umekosa zote mbili. Mwalimu wa zamani aliyekuwa akitoa nusu alama kwa mwanafunzi aliyeanza vizuri akaishia vibaya hayumo ndani ya kompyuta.

Ndiyo maana makelele ya getini hayana maana kubwa. Watahiniwa wawili walioketi jirani wanaweza kuwa wamepewa matoleo tofauti ya karatasi, na ACCA yenyewe hulinganisha alama za matoleo hayo ili aliyeangukia gumu asionewe. Isitoshe, kanuni zinakataza kupeana maswali. Kwa hiyo anayesema "ilikuwa nyepesi" anasema habari za karatasi ambayo msikilizaji wake huenda hakuiona.

Lakini liko jambo la ndani zaidi, nalo linamgusa mfanyabiashara wa mpakani moja kwa moja.

Mada mojawapo ya karatasi hiyo ni miamala ya fedha za kigeni, inayotawaliwa na kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 21. Bila kugusa swali la mtu, chukua mfano wa kawaida wa Kikuubo. Tuseme mama amenunua bidhaa Nairobi kwa mkopo, shilingi milioni 1 za Kenya. Siku mzigo ulipoingia, shilingi moja ya Kenya ilikuwa shilingi 28 za Uganda. Mwisho wa mwaka wa hesabu bado hajalipa, bidhaa zote bado ziko stoo, na shilingi ya Kenya imepanda hadi 29. Vitabu viseme nini?

Deni ni rahisi. Lilikuwa milioni 28, sasa ni milioni 29, kwa sababu siku ya kulipa ndizo shilingi atakazotoa mfukoni. Amepata hasara ya milioni 1 hata kabla hajauza kitambaa kimoja.

Na bidhaa zilizoko stoo? Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wengi hupandisha nazo hadi milioni 29. Inaonekana haki: kama deni limepanda, mali iliyonunuliwa kwa deni hilo si imepanda pia? Ukifanya hivyo hasara inafutika, pande mbili za mizania zinalingana, na mtahiniwa anasonga mbele akiwa na dakika za akiba. Ndiye yule anayetoka akifungua chupa ya maji.

Jibu la kanuni ni kwamba bidhaa hubaki milioni 28. Deni ni fedha, bidhaa si fedha. Kinachobadilishwa kwa kiwango cha mwisho wa mwaka ni fedha taslimu, madeni na vile unavyodai kulipwa kwa fedha. Shehena hubaki kwa bei ya siku ilipoingia, isipokuwa kama thamani yake sokoni imeshuka chini ya hapo. Hata malipo ya awali uliyomtumia mwenye kiwanda wa Nairobi kabla mzigo haujaja hayabadilishwi, maana hutarudishiwa fedha, utaletewa mali. Hilo la malipo ya awali huwapiga chenga hata waliosoma sana.

Sasa angalia ugumu unavyodanganya. Asiyejua tofauti hiyo hakuona mtego wowote. Kwake swali lilikuwa hesabu ya kuzidisha ya darasa la 6. Anayejua alisimama, akauliza kipi ni fedha na kipi si fedha, akahesabu upya, akatazama saa, akapata jasho. Akiulizwa getini atasema ilikuwa ngumu. Wote wawili wamesema kweli kuhusu walichokiona, lakini mmoja hakukiona.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambao watu walipewa majaribio ya mantiki, sarufi na hata ucheshi, kisha wakaulizwa wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Waliokuwa katika robo ya mwisho kabisa walikuwa, kwa wastani, kwenye nafasi ya 12 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini. Wenyewe walijiweka kwenye 62. Waliofanya vizuri zaidi walijipunja: walidhani kilichokuwa chepesi kwao kilikuwa chepesi kwa kila mtu. Waandishi hao walieleza kwamba ujuzi unaohitajika kujibu sawasawa ndio huo huo unaohitajika kutambua kwamba umekosea. Asiye nao hukosa vyote viwili kwa mpigo.

Isiwe sababu ya kuwacheka vijana wa getini. Binti wa Kikuubo mwenyewe anakiri kuwa msimu uliopita alitoka akiimba, akapata 43. Safari hii hana hakika na chochote, na haijui hofu hiyo kama ni dalili njema au ni hofu tu. Kutetemeka peke yake hakuonyeshi kuwa mtu anajua. Wapo wanaotoka wakilia na kweli wameshindwa.

Kipimo chake kipya, anasema, amekipata kwa kuandika nyumbani usiku ule ule mambo matatu: ni maswali mangapi hakuyamaliza, ni mangapi alibahatisha, na ni mangapi angeweza kumweleza mtu mwingine kwa nini jibu ni hilo na si lile. Alibahatisha saba. Kumi na moja angeweza kuyaeleza bila kutazama daftari. Mengine yako katikati, "pale kwenye ukungu," kama anavyosema. Kwa hesabu hiyo anajiweka kati ya 48 na 56. Si jibu la kumpa mama kwenye simu.

Na mama anahitaji jibu kwa sababu ya fedha. Ada ya ACCA hulipwa kwa pauni za Uingereza. Anayejisajili mapema hulipa nafuu, lakini dirisha hilo la bei nafuu hufungwa kabla matokeo ya msimu uliotangulia hayajatoka. Ukijiamini kupita kiasi, unaacha dirisha lifungwe, kisha unashindwa na kulipa bei kubwa. Ukijidharau, unakuwa umelipia karatasi uliyokwisha kuifaulu na kuanza kuhangaika kuibadilisha. Kwa mwenye duka hiyo ni biashara ya kukisia bei kama nyingine zote, tofauti ni kwamba mzigo wenyewe uko kichwani mwa mtu mwingine.

Mitihani mingine ya fedha haimsaidii mtahiniwa hata kwa hilo la 50. Taasisi ya CFA ya Marekani, inayotoa cheti kinachotafutwa na wachambuzi wa uwekezaji, haitangazi mapema alama ya kufaulu. Wataalamu hulipima kila swali kwanza, ndipo mpaka huwekwa. Julai 2021 waliofaulu daraja la kwanza duniani kote walikuwa asilimia 22. Katika kundi kama hilo, kijana aliyetoka ukumbini akisema "nimegonga" alikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea hata kama alijibu vizuri kiasi.

Kwa wasomaji wanaovuka Malaba, Busia, Mutukula na Katuna kila wiki, huenda haya yakaonekana mambo ya wasomi. Siyo. Mama wa vitenge ana mshirika Goma anayegawana naye faida nusu kwa nusu. Vitabu vikiandikwa na yule wa chupa ya maji, faida itaonekana milioni 1 zaidi ya ilivyo, na laki 5 zitavuka mpaka kwenda kwa mshirika kama gawio la faida ambayo haikuwapo. Hapo bado hatujagusa kodi, ambayo ina kanuni zake. Tangu risiti za kielektroniki za EFRIS zianze kusukumwa kwa nguvu Uganda, jambo lililofanya wafanyabiashara wa Kampala wafunge maduka Aprili 2024, tarakimu za dukani zinaonekana katika kompyuta ya Mamlaka ya Mapato kabla mwenye duka hajazielewa. Zamani kosa la mwandika hesabu lililala kwenye daftari mpaka likaliwa na panya.

Upande wa Kongo kuna jingine. Tangu 2012 nchi hiyo imo katika OHADA, na vitabu vyake hufuata mfumo wa SYSCOHADA, kwa Kifaransa. Mizania ya mshirika wa Goma na ya duka la Kikuubo haziongei lugha moja hata pale tarakimu zinapokuwa sahihi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Daftari zake bado ziko kwao.

Kati ya nchi nyingine hali ni afadhali. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi zitambue sifa za kitaaluma za wenzao, na vyama vya wahasibu vilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011. Hata hivyo mhasibu anayehama bado atalazimika kujua kodi na sheria za anakokwenda: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Uganda na 16 Kenya, na huko ni mwanzo tu. Cheti kinamvusha mpaka mtu aliyefaulu. Hakimvushi aliyedhani amefaulu, na mwajiri asiyesubiri matokeo hawezi kuwatofautisha.

Jumatatu asubuhi binti alikuwa dukani kama kawaida, kati ya marobota. Kabla ya chai alifungua daftari la wadai wa Nairobi, akapitia mstari mmoja mmoja, kisha akafungua la stoo la mwaka uliopita. Akakuta mahali alipokuwa amepandisha bei ya mzigo mzima wa Desemba. Mwandiko ulikuwa wake.

Alimwita mama, akamwonyesha. Mama akavaa miwani, akasoma taratibu, akauliza ni kiasi gani kilichozidi kwenda Goma.

"Nahesabu, Mama," alisema. "Nipe mpaka saa sita."