Gari la kutuniwa na kipimo cha moshi: ninayowaambia vijana wa Obunga

Kuna maneno yameenea magereji, Mombasa hata Kisumu, kwamba gari likishatuniwa halipiti kipimo cha moshi mpaka mwenyewe atoe kitu kidogo. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki yangu naipata kwa kazi ya umakenika hapa Obunga, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, na maneno hayo nayasikia kila wiki. Si kweli. Gari lenye tabo na kompyuta iliyoandikwa upya linaweza kupita kwa haki, bila kupunguziwa nguvu, iwapo fundi anajua kinachopimwa.

Tuanze na sheria. Kanuni za trafiki za Kenya zinataka gari liundwe, litunzwe na liendeshwe bila kutoa moshi unaoonekana. Mwaka 2006 zikaja kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta, na mwaka 2014 kanuni za ubora wa hewa, zote chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA. Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni zinazotaka hata gari la kibinafsi lililopita miaka minne tangu kuundwa liwe likikaguliwa. Kwa hivyo kijana mwenye Subaru yake asidhani hili ni jambo la matatu na malori peke yao.

Sasa, mashine inapima nini? Mrija huingizwa kwenye bomba la moshi, kisha mashine husoma gesi. Ya kwanza ni kaboni monoksidi, ambayo hutokea mafuta yakizidi hewa. Ya pili ni hidrokaboni, yaani petroli iliyotoka bila kuungua. Kisha kuna hesabu iitwayo lamda. Lamda ikiwa 1, kila tone la mafuta limepata hewa yake kamili. Kwa petroli hiyo ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi. Ikipanda, hewa imezidi.

Kwa mfano, Uingereza gari la kisasa la petroli hupimwa injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.2, hidrokaboni isizidi sehemu 200 kwa milioni, na lamda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Angalia jambo moja hapo: gari limesimama. Hakuna anayelipandisha mlima wala kulikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Hapo ndipo ilipo siri ya gari la kutuniwa. Anayetafuta nguvu huongeza mafuta, hata hewa ikashuka kufikia kilo 12.5 kwa kilo moja ya petroli, kwa sababu mafuta ya ziada huleta nguvu na kupoza injini. Lakini mafuta hayo yana kazi pedali ikiwa chini kabisa tu. Gari likiwa limesimama, au likienda polepole Kondele kwenye msongamano, halina haja nayo. Fundi mzuri huacha sehemu hiyo ya chini ifuate sensa ya oksijeni, ibaki kwenye 14.7, na nguvu aiweke juu. Fundi wa haraka huzima sensa na kumwaga mafuta kila mahali. Gari la namna hiyo hunuka petroli hata likiwa limeegeshwa, hula mafuta bure, na likipelekwa kupimwa linaanguka.

La pili ni lile sega lililo ndani ya bomba la moshi, kataliti. Ndani yake mna madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo hugeuza gesi mbaya kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Magari mengi yanapotoka Japani huwa nalo. Hapa hutolewa, mara nyingine kwa sababu ya ngurumo, mara nyingine kwa sababu kuna mtu anayelinunua na mwenye gari hajui bei yake. Kuna vijana huniuliza, “Fundi, nikodishie sega la siku moja tu.” Mimi humjibu, omera, ukilifunga siku ya ukaguzi na kulifungua kesho yake umelipa kodi ya uongo. Mwenye tabo na afunge sega la matundu makubwa linalopitisha hewa vizuri. Nguvu anayopoteza ni ndogo, na bomba likizibwa vizuri moshi hauingii ndani ya gari.

La tatu linawahusu hasa wasomaji wa pwani. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Gari la kabureta lililorekebishwa Majengo au Likoni likipanda huku hubaki na mafuta yale yale kwa hewa pungufu, likaanza kutoa moshi mweusi. Gari la kompyuta hujirekebisha lenyewe, ila kama aliyelituni alizima sensa zake. Na kinyume chake ni hatari zaidi: kabureta iliyobanwa mafuta Kisumu ikishuka pwani hupata hewa nyingi kwa mafuta machache, na injini huchemka hadi pistoni kuungua. Kwa hivyo ukihama mji, pima upya.

Kabla ya kupanga foleni ya ukaguzi, fanya haya. Badilisha oili, plagi na filta ya hewa. Plagi ikikosa kuwasha, hidrokaboni hupanda papo hapo. Tafuta kila tundu kwenye bomba la moshi, kwa sababu hewa inayoingia humo huidanganya sensa. Soma rangi ya moshi: mweusi ni mafuta mengi, wa samawati ni oili inayoungua, pengine sili za tabo zimekwisha, na mweupe usiokatika injini ikiwa moto ni maji. Endesha gari kama nusu saa kabla ya kipimo, wala usilizime kwenye foleni, maana sega halifanyi kazi mpaka lipate moto wa nyuzi 250 au 300. Na ikiwa ulibadilisha injini, hakikisha nambari yake inalingana na ya lobuku, la sivyo utarudishwa kabla hata mrija haujaingizwa.

Wenye dizeli wana kipimo chao, ambacho ni weusi wa moshi injini ikikanyagwa ghafla. Hapo adui ni nozo zinazodondosha, filta iliyoziba na pampu iliyofunguliwa kupita kiasi ili lori lipande mlima kwa kishindo. Tangu Januari 2015 dizeli yetu ya Afrika Mashariki ina salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hivyo lori likitoa wingu jeusi leo, kisingizio cha mafuta mabaya hakina uzito kama zamani.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito? Obunga ni mtaa wa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa. Akina mama huikaanga kando ya njia kuanzia asubuhi, na wengine wana watoto mgongoni. Moshi wa kuni wanao tayari. Gari lisilo na sega likisimama mbele ya karai kungoja abiria huwaongezea sumu isiyo na rangi wala harufu. Kaboni monoksidi hushika damu mahali pa oksijeni. Mama yule hakuchagua tabo ya mtu.

Ninachomwomba kila mwenye gari ni kitu kimoja. Ukipeleka gari kutuniwa, iwe Kisumu au Mombasa, dai karatasi ya vipimo vya moshi, ya kabla na ya baada. Fundi anayejua kazi ataitoa bila kinyongo. Asiye na mashine akuelekeze kwa mwenye nayo. Na anayekwambia usijali, kule ukaguzini ana mtu wake, chukua ufunguo wako uondoke.