Kengele za Kualika Jamaa

Wabukusu wa Bungoma, na wenzao waliohamia Kitale, hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Mwalikaji ni kijana mwenyewe: hupiga kengele zake za chuma, chinyimba, akizunguka kwa jamaa na marafiki mpaka afike kwa mjomba. Hapo ndipo penye jambo zito. Mjomba huchinja ng'ombe, akamvika mpwawe ukanda wa nyama shingoni, uitwao luliki. Lakini ikiwa mahari ya dada yake haijalipwa, huweza kunung'unika mbele ya watu. Wazee wenye busara humwendea mapema! Alfajiri kijana hupakwa tope mtoni, akarudishwa kwa nyimbo, kisha husimama kimya, asipepese jicho, jamaa wote wakimtazama.