Kijito cha Mfano katika Bustani ya Shule

Mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha Kyela aghalabu hutundika ramani ubaoni, akaeleza kwamba mito humomonyoa milima na kuacha mashapo ziwani. Watoto anaowaeleza wamevuka Kiwira na Mbaka tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni. Maji wanayajua, wasichokijua ni kwa nini maji hutenda hivyo. Kwa ajili hiyo napendekeza mwalimu ajenge kijito bustanini pamoja nao.

Tambarare ya Kyela haina mwinuko wa kutosha, hivyo hapana budi udongo urundikwe. Tuta liwe na urefu wa meta 3 hivi: theluthi ya kwanza iteremke kwa ukali, mfano wa Rungwe na milima ya Livingstone, sehemu iliyobaki ilale karibu sawa. Mwishoni lichimbwe shimo la kuwa ziwa, likandikwe udongo wa mfinyanzi. Chemchemi itakuwa mtungi uliotobolewa karibu na kitako. Mtungi wa akina mama wa Kikisi wa Ikombe uliovunjika shingo wafaa sana, wala haugharimu kitu. Mara ya kwanza mimi nilikandika ufinyanzi mfereji mzima. Maji yalipita safi kabisa na hayakufundisha chochote! Mfereji sharti uwe wa mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, wenye kona mbili katika tambarare.

Maji yakifunguliwa, mwalimu anyamaze. Watoto wataona ukingo wa nje wa kona ukiliwa, kwani huko maji hukimbia zaidi, na mchanga ukitua upande wa ndani. Mdomoni mwa ziwa mwendo hupungua, mchanga ukajenga delta. Ndipo aulize: nyumba ijengwe upande gani wa kona? Wengi hujibu, upande wa ndani. Wachomeke vijiti hapo, kisha imwagwe ndoo nzima kwa mara moja. Upande wa ndani, kwa kuwa ni wa chini, hufunikwa. Pengine kijito hukata kona na kushika njia mpya. Sasa yazungumzwe mafuriko ya kwao, na habari za Songwe, mpaka wetu na Malawi, ambao mkondo wake wa chini umehama mara kadhaa, hata shamba la mpunga la upande huu laweza kujikuta ng'ambo.

Baada ya somo ziwa likaushwe, maji yapelekwe kwenye matuta ya mchicha. Yakiachwa wiki mbili, shule itakuwa inafuga mbu.